Mabomu ya Machozi na Waliomo Majumbani: Madhara Yake kwa Afya na Namna ya Kujikinga



Linapotajwa bomu la machozi, wengi wetu huwafikiria vijana waliomo barabarani na askari waliosimama mbele yao. Lakini moshi wake haukai barabarani. Hupita chini ya milango, huingia kwenye uwazi ulio baina ya ukuta na mabati, na hufika chumbani alikolala mzazi na kichanga chake, au mzee asiyeweza kuinuka peke yake. Watu hawa hawakuandamana wala hawakumrushia mtu jiwe. Makala hii tumewaandikia wao na wale wanaowalea.

Visiwani kwetu jambo hili si geni. Mabomu ya machozi yalitumika katika matukio ya Januari 2001, na yakatumika tena mjini Unguja katika vurugu za Mei na Oktoba 2012. Hatukusudii kueleza hapa nani alikuwa na haki katika matukio hayo. Tunachokusudia ni kila familia ijue kitu hiki ni nini, kinamdhuru nani zaidi, na nini kifanywe kabla ya kumfikisha mgonjwa hospitali.

Ni kitu gani hasa?

Tumezoea kuita gesi, lakini kemikali inayotumika zaidi duniani, inayojulikana kwa herufi CS, kwa asili yake ni unga mweupe. Iligunduliwa mwaka 1928 na Wamarekani wawili, Ben Corson na Roger Stoughton, na jina lake limetokana na herufi za mwanzo za majina yao. Ndani ya kopo la bomu unga huo huchomwa kwa joto kali ukatoka kama moshi wa chembe ndogo mno. Ipo pia kemikali kongwe zaidi iitwayo CN, ambayo ina sumu zaidi kuliko CS, na ipo dawa ya kupuliza inayotokana na pilipili, ambayo huwa na mafuta.

Kujua kuwa ni unga kuna faida kubwa. Gesi ya kawaida ikipeperushwa na upepo imekwisha. Unga hutua. Hubaki kwenye nywele, buibui, mashuka, mazulia na vyombo, na ukitimuliwa huwasha upya. Zipo hata aina zilizochanganywa na vitu vya kuufanya ukae siku nyingi pale ulipoangukia.

Unavyofanya kazi mwilini

Chembe hizi hugusa mishipa ya fahamu inayohisi maumivu kwenye macho, pua, koo na ngozi, na mwili hujibu kwa kujaribu kuzitoa. Macho hufumba na kutiririka machozi, pua hutoa kamasi, kifua hubana, kikohozi huja mfululizo, na wengine hutapika. Pahala penye jasho ngozi huwaka kama iliyopakwa pilipili. Kwa mtu mzima asiye na maradhi, akiondoka haraka na kupata hewa safi, mengi ya hayo hupungua baina ya dakika 15 na 30.

Hapo ndipo ulipotoka usemi kwamba mabomu ya machozi hayana madhara ya kudumu. Usemi huo umesimama juu ya masharti matatu: mtu awe mzima wa afya, awe mahali pa wazi, na aweze kuondoka. Tukimtazama aliyeko nyumbani, mara nyingi hatimizi hata moja. Kichanga si mtu mzima, chumba si uwanja, na bibi aliyepooza hawezi kukimbia.

Sharti la mahali pa wazi

Mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mtoto wa miezi minne aliyekuwemo ndani ya nyumba iliyorushiwa CS na polisi, waliokuwa wakijaribu kumdhibiti mtu mzima aliyekuwa humo. Mtoto alikaa katika moshi ule kwa saa mbili hadi tatu. Mapafu yake yalivimba, na alilazwa hospitali siku 28. Kemikali ni ile ile inayomtoa kijana machozi barabarani kwa robo saa. Kilichobadilika ni chumba, muda na umri.

Mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, polisi walirusha CS kwa wingi katika mtaa wa makazi wa Bogside mwezi Agosti 1969, na moshi ukaingia majumbani. Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya uchunguzi chini ya Sir Harold Himsworth. Ripoti yake ya 1971 ilishauri kwamba kemikali za aina hii zichunguzwe kwa namna inayokaribia uchunguzi wa dawa kuliko uchunguzi wa silaha, kwa sababu huwafikia watu wa kila umri na kila hali ya afya.

Nchini Misri, tarehe 18 Agosti 2013, mahabusu 37 walikufa ndani ya gari la polisi nje ya gereza la Abu Zaabal baada ya gesi kurushwa humo. Waliokuwemo hawakuwa na mlango wa kutokea.

Sharti la kuweza kuondoka

Msongamano nao huua. Katika uwanja wa mpira wa Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001, watu 126 walifariki baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi na watu kukimbilia milango. Tarehe 1 Oktoba 2022 yakatokea kama hayo katika uwanja wa Kanjuruhan, Malang, Indonesia, ambako watu 135 walifariki, wakiwemo watoto waliokuja na wazazi wao. Katika uwanja wa namna hiyo, moshi huwasukuma watu na mlango mwembamba huwabana. Vichochoro vya Mji Mkongwe na ngazi za majumba ya ghorofa nazo ni nyembamba, na inafaa tulikumbuke hilo kabla ya kukimbia.

Sharti la kuwa mzima: walio hatarini zaidi

*Watoto.* Kichanga huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika, na mtu mzima mara 12 hadi 20. Kwa hiyo mtoto huvuta sumu nyingi zaidi kulingana na uzito wake, na njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo uvimbe mdogo tu huziziba. Tena yuko karibu na sakafu, ambako chembe hutua. Na hawezi kusema kifua kinambana. Tutajua kwa kumtazama. Nairobi, mwezi Julai 2023, gesi ya machozi iliingia katika skuli ya msingi moja ya Kangemi siku ya maandamano, na watoto zaidi ya 50 wakapelekwa hospitali. Walikuwa darasani.

*Wenye pumu, mkamba na maradhi ya moyo.* Moshi huu unaweza kuanzisha shambulio kali la pumu, na kwa mgonjwa wa moyo, woga na kukosa pumzi huongeza mzigo ambao moyo hauubebi.

*Wajawazito.* Tafiti juu ya athari kwa mimba ni chache. Lakini mama akikosa hewa, na mtoto tumboni hukosa. Mjamzito aliyevuta moshi mwingi apelekwe akaangaliwe hata kama anajiona nafuu, na aharakishe zaidi akiona damu, maumivu ya tumbo, au mtoto amepunguza kucheza.

*Wazee na wasiojiweza.* Hawa huachwa nyuma, si kwa kukosa upendo bali kwa kukosa maandalizi. Kila nyumba iamue mapema nani atambeba nani.

Madhara yanayokuja baadaye

Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 31 kutoka nchi 11 kuhusu gesi ya machozi na dawa ya pilipili. Ndani yake mlikuwa na watu 5,131 waliodhurika. Wawili walifariki na 58 walipata ulemavu wa kudumu. Katika jumla ya majeraha 9,261, asilimia 8.7 yalikuwa makubwa yaliyohitaji matibabu ya wataalamu. Mengi yalikuwa madogo, na hili tuliseme kwa uadilifu ili tusiwatishe watu. Lakini asilimia ndogo si ndogo kwa nyumba iliyopatwa.

Baadhi ya madhara makubwa hutokana na kopo lenyewe. Likirushwa karibu na kumpiga mtu kichwani au jichoni, huvunja fupa la kichwa au kupofua. Nalo huwa la moto mno, huunguza mkono wa anayeliokota na linaweza kuwasha godoro au pazia.

Madhara mengine huchelewa. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya mtu kuonekana amepona, na ndiyo maana aliyevuta moshi mwingi ndani ya chumba asiachwe alale peke yake usiku ule. Utafiti wa makuruta wa jeshi la Marekani, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa baada ya zoezi la kupitishwa katika chumba cha CS, maradhi ya njia ya hewa yaliwapata zaidi ya mara mbili kuliko kabla yake. Hao walikuwa vijana wenye afya zao.

Wanawake wana swali lao ambalo huona haya kuliuliza. Katika uchunguzi uliofanywa Portland, Marekani, mwaka 2020, uliojibiwa na watu wazima 2,257 waliofikiwa na gesi, wanawake wengi walieleza kuvurugika kwa hedhi. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi sababu, lakini umetosha kuonyesha kuwa malalamiko hayo si ya mtu mmoja. Atakayeona damu isiyo ya kawaida amuone daktari, na katika hukumu ya swala amuulize sheikh anayemwamini.

Na moyo nao huumia. Katika kambi ya wakimbizi ya Aida, karibu na Bethlehem, Palestina, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwahoji wakaazi 236. Ripoti yao ya 2018 inaeleza kuwa wote walikuwa wamefikiwa na gesi ya machozi katika mwaka uliotangulia, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Walilalamikia kikohozi na ngozi, na pia kukosa usingizi, hofu, na watoto wanaoshtuka kwa kila kishindo.

La kufanya moshi unapofika mtaani

Kanuni ni hii: moshi ukiwa nje, funga, ukiwa ndani, toka.

Ukisikia milio mbali, ingiza watoto, funga milango na madirisha, zima feni na kiyoyozi, ziba chini ya mlango kwa kanga iliyoloweshwa, na jikusanyeni chumba kilicho mbali na barabara. Chembe hizi huelekea chini, basi wenye ghorofa wapande juu. Nyumba zetu nyingi za mabati haziwezi kuzibika. Kwa nyumba hizo ni bora kutokea mlango wa uani mapema, kwenda upande unakotoka upepo. Anayetaka kujua upepo unakotoka aangalie minazi.

Kopo likiangukia ndani, au chumba kikijaa moshi, msingoje. Tokeni nyote, mtoto na mzee kwanza, bila ya kukusanya vitu. Msiliokote kopo.

Kitambaa chenye maji juu ya pua humsaidia mtu mzima kidogo. Kichanga asifunikwe uso kwa kitambaa kibichi; kinaweza kumziba pumzi.

Huduma ya kwanza

1. Mpeleke mgonjwa kwenye hewa safi na umkalishe wima. Usimlaze chali akiwa anakohoa.

2. Asisugue macho. Myeyushie maji safi ya baridi kutoka pembe ya ndani ya jicho kwenda nje, kwa dakika 10 hadi 15. Mwenye lenzi machoni azitoe kwa mikono iliyooshwa.

3. Mvue nguo za nje. Nguo ya kuvulia kichwani ikatwe kwa mkasi ikiwezekana, ili isipite usoni. Zitie ndani ya mfuko na uufunge.

4. Muoshe mwili kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Maji kidogo kwenye ndoo moja husambaza unga. Nywele zioshwe kwa kuinamia mbele, maji yasiteremke usoni.

5. Mwenye pumu apewe dawa yake ya kupuliza mara moja, kama alivyoelekezwa na daktari.

6. Mama anyonyeshaye aoge kifua na abadilishe nguo kabla ya kumpakata mwanawe.

7. Anayemhudumia mgonjwa naye aoshe mikono, asije akajigusa macho.

Yapo mambo watu huyafanya kwa nia njema yasiyofaa: kupaka dawa ya meno, mafuta, siki au ndimu, kunusa kitunguu, au kumwagia macho maziwa. Mafuta huushika unga ukakaa kwenye ngozi, siki na ndimu huongeza ukali, na maziwa yasiyo safi huweza kuleta maambukizo ya jicho. Maji safi yanatosha.

Lini aende hospitali

Mpelekeni bila kuchelewa ikiwa kifua kinafoka au pumzi inambana baada ya nusu saa katika hewa safi, ikiwa midomo imegeuka rangi, ikiwa jicho linauma au halioni vizuri, ikiwa ngozi imetoka malengelenge, ikiwa amepigwa na kopo kichwani, au amezirai. Kwa kichanga, dalili ni kukataa ziwa, kulegea, mbavu kuingia ndani kila anapovuta pumzi, na kupumua haraka kuliko kawaida yake. Dalili zikirejea usiku au siku ya pili, mrudisheni.

Wapo wanaochelewa kwa kuogopa kuulizwa walikuwa wapi. Daktari anahitaji kujua alivuta nini, kwa muda gani, na kama alikuwa ndani au nje. Hayo mwelezeni kwa ukweli, kwani ndiyo yanayomwongoza katika tiba.

Kusafisha nyumba, chuo na msikiti

Fungueni madirisha yote mtaa ukishatulia. Msifagie sakafu kavu wala kuwasha feni. Futeni kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, mkibadilisha maji mara kwa mara. Msitumie dawa ya madoa yenye klorini. Chakula kilichokuwa wazi kitupwe, na vyombo vioshwe. Mashuka na nguo zifuliwe peke yake. Mikeka na mazulia ya msikitini yatolewe juani, yapigwe kwa upande unakokwenda upepo na kuoshwa kabla ya watu kuswali, kwa sababu kwenye sijda ndipo paji, pua na macho yanapogusa. Watoto wasirudi chuoni mpaka kazi hii iishe.

Masuala ya ibada

*Saumu.* Vumbi na moshi unaoingia kooni bila ya mtu kukusudia haubatilishi saumu, wala kutapika kusiko kwa kujitakia. Mgonjwa anayehitaji dawa au maji ana ruhusa ya kufungua na atalipa siku nyingine. Katika dawa ya kupuliza ya pumu wanazuoni wa zama hizi wametofautiana kama inafunguza au haifunguzi, lakini hakuna anayemtaka mtu aache dawa mpaka ahatarishe roho yake.

*Udhu.* Machozi hayatengui udhu. Ngozi ikiwa imeungua na daktari akasema maji yatamdhuru, sharia imempa njia ya kutayamamu.

*Jamaa na Ijumaa.* Ugonjwa na hofu juu ya nafsi ni udhuru unaokubalika. Anayeswali nyumbani siku kama hiyo akiwalinda wanawe hana lawama.

Haki ya asiyehusika

Miongoni mwa kanuni kubwa za fiqhi ni ile ya kuondoa madhara, na wanazuoni wamejenga juu yake hukumu nyingi za jirani, njia na soko. Sheria za kimataifa nazo zimekaribia hapo. Mkataba wa silaha za kemikali, ulioanza kutumika Aprili 1997, umekataza kemikali hizi zisitumike kama njia ya vita, ingawa umeziruhusu katika kulinda amani ya ndani ya nchi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 kuhusu silaha za aina hii unataka zisitumike ndani ya majengo yasiyopitisha hewa wala mahali ambapo watu hawana pa kutokea. Chumba cha mzazi kimo ndani ya maelezo hayo.

Basi aliyedhurika aweke kumbukumbu: saa, mahali, picha ya kopo bila ya kuligusa, na cheti cha hospitali. Amjulishe sheha wake, na akihitaji ushauri wa kisheria aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Kudai haki kwa njia ya sheria si fitna.

Kwa leo, tunaomba kila familia ifanye mambo matatu: itenge ndoo ya maji safi na sabuni, ihakikishe dawa ya pumu haijaisha, na ikubaliane nani atambeba mtoto na nani atamwinua mzee. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azijaalie amani nyumba zetu na visiwa vyetu, na awaponye walioumizwa bila ya hatia.

Wallahu a'lam.